Kura ya Kwenda Bunyonyi

Kura ilimwangukia Adila.

Bi Maulida, mama yake Shamsudin, ndiye aliyeingiza mkono katika kofia ya mwanawe. Akatoa kikaratasi kimoja kati ya viwili, akakifunua, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasoma: "Adila." Kisha akasema alhamdulillahi, kana kwamba ameletewa habari ya mjukuu. Shamsudin akaichukua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa.

"Mwenyezi Mungu ameamua," akasema. "Hakuna wa kulaumiwa."

Mwanamvua, mke mkubwa, alikuwa amekaa karibu na mlango wa ukumbi, miguu ameikunja chini ya khanga. Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomtia moto. Wa kulaumiwa alikuwepo, tena alikuwa amekaa pale pale mbele ya macho yao na kofia kichwani. Lakini mbele ya mama mkwe mtu hatoi sauti, basi akainuka akaenda jikoni kuwapakulia chakula, na vifuniko vya masufuria siku hiyo vilisikika mpaka msikitini.

Tuseme mapema, tusije tukaulizana baadaye: safari ile ilikuwa ya Mwanamvua. Yeye ndiye aliyeifikiri, yeye ndiye aliyeipanga tangu Ramadhani, na gari lilikuwa lake. Ni Hiace nyeupe anayobebea wanafunzi asubuhi na mchana, na ikifika likizo ya Juni hukaa uani bila kazi, likinuka viatu na maganda ya machungwa. Likizo hii lisingekaa. Lingetoka Bagamoyo kwa njia ya Msata na Segera, lipande Lushoto watu walale kwenye baridi, lishuke liifuate milima ya Upare mpaka Moshi, wautazame Mlima Kilimanjaro asubuhi kabla haujajifunika. Kisha Namanga, waingie Kenya: Naivasha, Kisumu, Ziwa Viktoria kwa upande wa wenzetu. Wavuke Busia waingie Uganda, waende, waende, mpaka Kabale kwenye Ziwa Bunyonyi, ziwa lililokaa katikati ya milima na kujaa visiwa vidogo vidogo. Kutoka hapo Rwanda na Ziwa Kivu, na kurudi nyumbani kwa Rusumo, Singida na Dodoma.

Njia yote hiyo alikuwa ameichora kwa wanja kwenye ramani aliyoibandika chumbani, maana siku aliyoinunua kalamu haikuonekana na yeye hakuwa na subira. Alikuwa amepiga simu kwa dereva wa malori ya Kigali, akaambiwa kwamba ukishavuka mpaka wa Rwanda magari yote huhamia mkono wa kulia, akajizoeza kichwani akiwa anakoroga uji. Alikwisha shughulikia bima ya kuvukia mipaka. Sindano ya homa ya manjano alikwisha chomwa, na mumewe alikwisha kumburura naye akachomwe. Sweta mbili za mitumba zilikuwa kabatini, moja ya kike na moja ya kiume, na ukizigusa kwa joto la Bagamoyo unatoka jasho kabla ya kuzivaa. Huko Bunyonyi alimpata mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, na Kiswahili chake cha kuungaunga kiliwatosha wote wawili. Walishapelekeana salamu nyingi kuliko ndugu wa tumbo moja.

Na ziwa lenyewe lilianzaje? Lilianza kwa picha ya kalenda. Mwanamvua alipokuwa mwari na Shamsudin akija na mshenga, kulikuwa na kalenda dukani kwa akina Shamsudin, duka lile lile la mbao na saruji analoliendesha mpaka leo. Kwenye kalenda kulikuwa na ziwa la visiwa. Mwanamvua akauliza ni wapi, na kijana Shamsudin, anayetafuta mke, akasema: "Bunyonyi. Insha Allah nitakupeleka." Ndoa ikafungwa. Wahida akazaliwa, wakazaliwa na wadogo zake, wakakua, Wahida mwenyewe akaolewa Tanga. Kila mwaka Mwanamvua aliuliza, kila mwaka akajibiwa insha Allah. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake liliumia kimya kimya mpaka aliponunua gari lake akaona hana tena sababu ya kungoja kupelekwa.

Lakini ukidhani ni ziwa alilolitaka, hujamwelewa. Tangu ndoa ile, Mwanamvua hakuwahi kuwa na mumewe peke yake. Kwanza mume alikuwa wa duka, kisha wa mama yake, kisha wa watoto. Na miaka mitatu iliyopita, watoto walipokwisha kuondoka na nyumba ikapata nafasi ya watu wawili kutazamana, Shamsudin akamwoa Adila huko Makurunge. Mwanamvua hakupiga kelele. Alivaa dera jipya akaenda harusini, akapiga vigelegele, akampelekea mwali masufuria na kitanda. Watu walimsifu sana, na kusifiwa ndiko kulikombakia. Sasa alitaka wiki mbili na ushei, mume akae kwenye kiti cha mbele kando yake, milango imefungwa, asiwe na pa kukimbilia. Hilo tu.

Ndipo, kila kitu kilipokuwa tayari, Shamsudin akakumbuka uadilifu. Mtu mwenye wake wawili hasafiri na mmoja akamwacha mwingine hivi hivi, akasema. Lazima ipigwe kura. Akawaita wote Ijumaa baada ya swala, akamwita na mama yake. Mwanamvua alikubali kwa kuwa jambo la dini halipingwi, na kwa kuwa, tuseme ukweli, moyoni aliamini Mungu anajua nani aliichora ramani.

Watu walipokwisha kula na kuondoka, Shamsudin alibaki na sinia lake la wali na pweza wa nazi, akila polepole kwa raha ya mtu aliyetenda haki.

"Mama Wahida," akasema, "usinune. Na wewe utakwenda."

"Nitakwenda wapi?"

"Huko huko. Nani atatuendesha? Mimi gari silijui." Ni kweli hakulijua. Alijaribu mara moja ujanani, akaubomoa ukuta wa jirani, hakugusa usukani tena. "Na Adila ndiyo kabisa. Utatuendesha wewe, na ziwa lako utaliona."

"Yaani mimi niwaendeshe wewe na mkeo."

"Na wewe ni mke wangu pia."

"Nilale wapi?"

"Chumba chako. Wewe si husema nakukoromea?"

Mwanamvua alisimama na kitambaa cha kufutia mkononi. "Baba Wahida, kama naweza kwenda, kura ilikuwa ya nini?"

Shamsudin alifikiri kweli, akitafuna. "Kura ni ya mke," akasema. "Dereva hahesabiki."

Mwanamvua akainama, akalichukua lile sinia mbele yake na mkono wa mtu bado umo ndani ya wali, akaenda nalo uani, akawamwagia kuku. Katika nyumba ile jambo kama hilo halikuwahi kutokea, hata katika msiba. Shamsudin alibaki amenyoosha vidole vyenye nazi hewani, na ilimchukua muda kujua kwamba chakula kimekwisha.

Kesho yake Mwanamvua alikwenda kwa mjomba wake, Mwalimu Bwanausi, anayesomesha chuo cha Kurani mtaa wa pili. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya kipaza sauti kilichoharibika, ameshika bisibisi kwa mkono mmoja na kwa mwingine waya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na haja au na hasira?"

"Vyote viwili."

"Basi shika waya huu."

Akaushika. Akamweleza yote, kofia, pweza na kuku, akiwa amesimama na waya kama mti wa kuanikia. Mwalimu Bwanausi alicheka ilipofika kwa kuku, na Mwanamvua akatamani kuuachia waya umtie shoti.

"Hasira hasara, mwanangu," akasema mjomba.

Watu hupenda sana kumwambia hivyo mwenye hasira. Husemwa zaidi na wale ambao hasira haijawafika mlangoni, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Sikuja kutafuta methali," Mwanamvua akasema. "Nambie kama ni haki."

"Kura ni haki. Ni mwenendo wa Mtume, rehema na amani zimfikie. Hilo usilibishe, utapata dhambi bure." Akapuliza vumbi ndani ya kipaza sauti. "Lakini kura ni ya wasioridhiana. Wake wakiridhiana wao kwa wao, kura inatoka wapi? Mwenzio aliulizwa kwanza? Aliambiwa, Adila, unaridhia mwenzio aende?"

Mwanamvua hakujua.

"Hujui. Umemwaga chakula cha watu na hujui. Nenda kamuulize. Na kama hakuulizwa, bado anaweza kukupa nafasi yake kwa hiari, ni yake, humpa amtakaye. Ila uombe, usiamrishe. Nakujua wewe." Kipaza sauti kikatoa mlio mkali, mjomba akatabasamu, akamsahau.

Kuomba. Njia nzima ya kwenda Makurunge neno hilo lilimkaa kooni mithili ya mwiba wa samaki. Yeye, aliyempeleka mwali kitanda! Alibadilisha gia kwa nguvu mpaka gari likalalamika. Aliwaza hivi: nitamsalimu, nitakaa, nitamsifia shamba, kisha nitasema taratibu. Adila si mtu mbaya, ni binti wa wakulima, mpole, mwenye adabu, kila akimwona humwamkia kwa kupiga goti. Atakubali. Kwa nini asikubali?

Adila alikuwa kibarazani akimenya muhogo. Aliinuka, akapiga goti kama kawaida. "Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za hapa?"

Habari zilikuwa njema. Mvua zilikuwa njema, nguruwe tu ndio wanaochimba mihogo. Mwanamvua alisifia shamba. Kisha yale maneno ya taratibu yakamkimbia, akasema kwa mkato: "Adila, nimekuja kukuomba nafasi yako ya safari."

Adila alirudi kukaa kwenye kigoda, akachukua muhogo mwingine.

"Baba Wahida alikuuliza kwanza?" Mwanamvua akaendelea. "Kabla ya kura, alikuuliza kama unaridhia niende mimi?"

"Hakuniuliza."

"Na angekuuliza?"

"Angeniuliza ningesema nendeni salama. Mimi hata bajaji ya kwenda mjini hunitapisha. Milima ya huko nitaifanyia nini? Na baridi?"

Mwanamvua alihisi kifua kikifunguka. "Basi mwenyewe unaona..."

"Lakini hakuniuliza," Adila akasema. "Na sasa sitoi."

Alisema polepole, kisu kikiendelea kumenya. Mwanamvua alidhani amesikia vibaya. Kisha akadhani mtoto huyu amepata wapi ujasiri huu. Kisha hasira ikampanda, ile iliyokuwa imelala tangu kwa mjomba.

"Hutaki kwenda, na hutaki kunipa?"

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Ni roho mbaya hiyo, Adila! Mimi nilikupokea! Nani alikupokea kama mimi? Wake wenza wengine humwagiana maji ya moto!"

"Ulinipokea," Adila akasema, na sasa kisu kikasimama. "Kitanda nilicholalia usiku wa harusi yangu ulichagua wewe. Masufuria ulichagua wewe. Khanga anazoniletea mume wangu, doti moja yako doti moja yangu, unakwenda dukani wewe. Mafuta ya nywele, wewe. Siku ya idi ananiletea kiatu, nikimwuliza ulijuaje mguu wangu, anasema Mama Wahida ndiye ajuaye. Miaka mitatu, Bi mkubwa, mimi nalishwa kwa mkono wako. Nashukuru. Kila mtu huniambia nishukuru. Lakini ile kura ndiyo kitu cha kwanza kuja kwangu bila kupita kwako, na sitakipitisha."

Mwanamvua alifungua kinywa. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa juu ya wema wake mwenyewe, akaona haya kuyatoa.

"Na wewe hukuniuliza," Adila akaongeza kwa sauti ya chini. "Ulinunua sweta mbili. Niliziona nilipokuja kwako. Hukusema hata, Adila, na wewe ungependa?"

Mwanamvua aliondoka bila kuaga vizuri. Gari alilirudisha nyuma kwa kasi mpaka kuku wa Adila wakatawanyika. Alimkasirikia Adila mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo, kadiri alivyokaribia mji, hasira ikaanza kumwacha Adila na kumtafuta mwenyewe, Shamsudin. Kwa nini hakumuuliza? Kuuliza kungekuwa kazi gani? Mwanamume ana mdomo, anao tangu azaliwe, autumia dukani kubishana juu ya misumari. Angesema: Adila, nimemwahidi mwenzio zamani, waonaje? Badala yake aliukimbilia uamuzi wa Mungu akajificha humo, akawaacha wanawake wawili wararuane, na yeye akaketi kula pweza.

Alifika nyumbani akiwa amejiandaa kwa vita, akakuta sherehe. Ukumbini palikuwa na halua na buli la kahawa. Bi Maulida alikuwepo. Najim, mdogo wake Mwanamvua, fundi umeme, alikuwepo naye, anacheka. Na Shamsudin alikuwa amevaa uso wa mtu aliyepata dawa.

"Karibu, karibu, Mama Wahida! Kaa. Nimeona umekasirika, nami sipendi nyumba yenye fundo. Kwa hiyo nimeamua. Adila sitamsumbua na milima. Nitampeleka Pangani kwa shangazi, siku zile zile. Na wewe utakwenda safari yako yote, kama ulivyoipanga, na Najim, maharimu wako. Ruhusa nimeitoa hapa mbele ya mama. Nenda, ukaone milima yako, ukaone maziwa yako. Mimi sina kinyongo hata na yule pweza."

"Kigali nasikia wana pikipiki za umeme, dada," Najim akasema, mdomo umejaa halua. "Nitataka kuziona."

"Mume kama huyu," Bi Maulida akasema, "wengine humwomba kwa mikesha na hawampati."

Wote watatu wakamtazama, wakingoja ashukuru. Mwanamvua alisimama katikati ya mkeka na viatu miguuni.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Milima! Maziwa! Nani aliyekwambia nataka ziwa? Ziwa ni maji, Baba Wahida! Maji tunayo hapa, yamejaa mpaka yanavunja kuta! Nilikutaka wewe. Nilitaka ukae kwenye kile kiti cha mbele, usiwe na duka, usiwe na zamu, usiwe na mama, samahani mama, ukae unitazame mimi tu mpaka uchoke, na ukichoka uendelee kunitazama kwa kuwa njia ni ndefu! Nimekungoja tangu ile kalenda. Watoto wamezaliwa wameondoka, nangoja. Umeoa, nikapiga vigelegele, nangoja. Leo unanipa Najim?"

Najim aliacha kutafuna.

"Mimi ningejuaje..." Shamsudin akaanza.

"Usiniambie ungejuaje! Sasa nataka kitu kimoja. Usimtazame mama. Usimtafute Mungu, Mungu ana kazi zake. Sema kwa kinywa chako. Unataka kwenda na nani?"

Shamsudin alimtazama mama yake hata hivyo, akamtazama Najim, akaitazama halua. Kisha akasema kitu, chini sana.

"Sikusikia."

"Sitaki kwenda."

"Na mimi?"

"Na yeyote. Sitaki kwenda, Mama Wahida. Sijawahi kutaka. Baridi naiogopa. Gari likipanda mlima roho yangu inakaa hapa." Akagusa koo. "Nikilala kitanda cha watu silali. Mimi napenda kufungua duka langu asubuhi, ninywe kahawa yangu, basi. Kila mwaka nilidhani utasahau."

"Na insha Allah zote zile?"

"Nilikuwa nakustahi."

Mwanamvua alikaa chini. Nakustahi. Ndoa nzima alikuwa amestahiwa, kama mgeni anayepewa kiti kizuri mpaka aondoke.

"Na kura?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na walioijua waliiogopa hiyo zaidi. "Kama hukutaka kwenda, kura ulipiga ya nini?"

"Nilidhani ikimwangukia Adila, atakataa mwenyewe. Anatapika. Ingekwisha bila maneno."

"Na ingeniangukia mimi?"

Shamsudin alitazama mkeka. "Ningeugua," akasema. "Ningetafuta homa."

Hata Bi Maulida, aliyemzaa na kumtetea tangu anatambaa, aliweka kikombe chake chini akageuza uso.

Ilikuwa sasa wakati wa mtu mwenye busara kunyamaza. Lakini Shamsudin alikuwa amekwisha sema kweli moja, ikampa wepesi, akaona afadhali amalize mambo yote siku hiyo. "Basi sasa," akasema, "na Adila itabidi aambiwe kwamba safari hakuna. Mwambie wewe, Mama Wahida. Wewe unajua kusema naye. Mimi nitakosea maneno."

Mwanamvua aliinua kichwa. Aliyasikia maneno ya Adila, yale ya kulishwa kwa mkono wake, kana kwamba Adila mwenyewe yumo chumbani. Akainuka, akachukua funguo za gari.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Makurunge. Twende!"

Shamsudin alikwenda. Hakuthubutu kutokwenda. Akapanda kiti cha mbele, akafunga mkanda, akashika kile kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono miwili, na Mwanamvua akalitoa gari uani. Walipita sokoni, wakapita stendi, wakaingia barabara ya Msata, wawili tu, viti vyote vya wanafunzi vitupu nyuma yao. Ndipo Mwanamvua alipotambua kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akiota: yeye kwenye usukani, mume kando yake, milango imefungwa, mji unabaki nyuma. Alitaka kulia kwa hasira na hakulia, kwa kuwa kulikuwa na lori mbele.

"Nitakwenda na Najim," akasema lori lilipopita. "Ruhusa umeitoa mbele ya mama yako, sitairudisha. Nitapanda Lushoto na nitafika Bunyonyi. Lakini usije ukawaambia watu barazani kwamba umenipeleka."

"Sitasema."

"Na usiniambie insha Allah tena. Ukitaka kusema hapana, sema hapana. Nitakasirika, nitamwaga chakula, halafu nitapika kingine."

Barabara ilipanda kidogo, Shamsudin akafumba macho.

Adila hakuwa kibarazani, ila mlangoni palikuwa na sanduku la safari ambalo mara ya kwanza hakuliona, jipya, bado na karatasi yake ya dukani. Lilikuwa la zambarau, lenye maua makubwa ya dhahabu. Mwanamvua asingemchagulia rangi ile hata kwa kulipwa. Alilitazama, na kitu kikamchoma ubavuni: yule mwanamke anayetapika ndani ya bajaji alikuwa ametoka peke yake, akapanda gari, akaenda dukani, akajichagulia.

"Shuka," akamwambia mumewe.

"Nawe si ushuke?"

"Shuka, Baba Wahida."

Akashuka. Akabisha hodi. Adila akatoka akifunga khanga vizuri, uso umefunguka kumwona mume siku isiyo zamu yake. Dirisha la gari lilikuwa wazi na Mwanamvua alisikia kila neno. Shamsudin alimsalimu. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza habari za wazee wake, mmoja mmoja. Akauliza mihogo, akauliza nguruwe, akauliza kama maji ya kisima yamerudi. Adila akajibu njema, njema, wazima, yamerudi, na kila alipojibu akalitazama sanduku, akingoja aulizwe habari zake. Shamsudin akavuta pumzi, akaanza kuuliza habari za mbuzi.

Mwanamvua akabonyeza honi.

Aliibonyeza kwa kiganja chote, na hakuiachia. Ndege waliruka kwenye michungwa. Jirani akachungulia. Kwenye kelele hiyo aliona midomo ya mumewe ikisimama, kisha ikianza upya, kwa shida, neno moja moja, na aliuona uso wa Adila ukisikiliza, kisha ukijifunga. Ndipo akaachia.

Adila hakulia. Aliinama, akalishika lile sanduku, akaliingiza ndani, akarudi akasimama mlangoni na kumtazama mumewe, akingoja kama kuna zaidi. Shamsudin akageuka kulitazama gari, macho yakiomba Mama Wahida ashuke, aje amsaidie.

Mwanamvua akapandisha kioo.